Mkunjo wa Sita

Prasojo aliipata habari kwenye simu, pamoja na watu wengine elfu mbili, na hilo ndilo lililomuuma kwanza. Alikuwa amekaa barazani na chai yake ya asubuhi, anapitia picha za paka wa watu, mara likatokea jalada la kijani lenye mchoro wa kabati la nguo lililofunguliwa nusu. Riwaya ya kwanza ya Bi Sumirah. Mchapishaji: Sumur. Agiza mapema, nakala mia tatu tu.

Akasoma mara tatu. Kisha akailaza simu kifudifudi mezani na kuendelea kunywa chai ambayo haikuwa na ladha tena.

Sumur maana yake kisima, na mwenye kisima hicho alikuwa Wigati. Wigati huyu huyu aliyefika miaka kumi na minne nyuma akiwa hajui kutofautisha mhariri na mchapaji, akakaa miaka saba katika sebule ya Prasojo, akajifunza kila kitu: kusoma mswada kwa kalamu mbili, kuchagua karatasi kwa kuinusa, kumwambia mwandishi kwamba sura yake ya kwanza ni takataka na mwandishi akaondoka anacheka. Kisha akaaga kwa adabu zote, akaenda kufungua duka lake vichochoro viwili tu nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako, Prasojo alikuwa akisema kila jina la Wigati lilipotajwa, na lilitajwa mno.

Yeye mwenyewe kampuni yake ilikuwa Dingklik, yaani kigoda. Aliiita hivyo kwa sababu alipoanza hakuwa na viti, waandishi wakawa wanakalia vigoda vifupi vya jikoni kwa mama yake, magoti yakigusa kidevu. Sasa viti alikuwa na uwezo wa kununua, lakini vigoda vilikuwa vimeshakuwa sifa, na mtu hauzi sifa yake.

Katika vichochoro vile vya kusini mwa mji wa Jogja, wachapishaji wa namna yao walikuwa wengi kuliko wauza chai. Sebule moja, kompyuta moja, mke au mume wa kufunga vifurushi. Walikuwa wakitangaza kitabu kabla hakijachapwa, wakipokea maagizo kwenye simu, kisha ndipo wanakwenda kwa mchapaji. Wachapishaji wakubwa wa Jakarta walitaka nyuso zinazouza. Walichokitupa wao, vichochoro viliokota. Hakuna aliyetajirika. Mali yao ilikuwa moja tu: kuweza kusema mbele za watu, fulani nilimwona mimi kwanza. Ndiyo maana wivu wa huko ni mkali. Matajiri wana mengi ya kugombania, wale walikuwa na sentensi moja.

Na sentensi ya Prasojo ilikuwa Bi Sumirah. Yeye ndiye aliyemwona. Mwanamke aliyepiga mihuri ya shaba kwenye vitambaa vya batiki miaka thelathini na minane, akaandika hadithi nyuma ya karatasi za michoro kwa penseli. Prasojo alizitoa hadithi hizo katika vitabu viwili vyembamba, vikasomwa, vikasifiwa. Kwa miaka sita alikuwa akingoja riwaya. Alishaichagulia hata karatasi.

Mkewe Ratri alitoka na sahani ya tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa, akamwangalia.

"Umeshaona?"

"Nimeona."

"Ndiyo maana uso umekukunjamana kama mtu aliyelamba shubiri."

"Ameniibia."

"Nani? Bi Sumirah ni kuku?" Ratri akakaa. "Wewe ulimwomba huo mswada?"

"Mchapishaji mwenye heshima zake haombi mswada. Mswada unaletwa."

"Basi si umeletwa? Umeletwa kwa Wigati. Kula tempe."

Hakula. Roho ilimuuma hivi hivi, waziwazi, kama jino, na hakuona haya kulikiri jambo hilo ndani ya nafsi yake. Alimwonea Wigati kijicho kwa mambo mengi: kwa wasomaji wake vijana, kwa majalada yake, kwa maonyesho ya vitabu ambako meza yake ilizungukwa na watu huku wa Dingklik wakijipepea kwa orodha ya bei. Yote hayo aliyameza. Hili la Bi Sumirah lilimkaa kooni.

Jumanne akaenda kwa Mzee Giman kukagua rangi ya jalada lake mwenyewe, kitabu cha mashairi cha mwalimu mmoja wa Klaten. Vichochoro vyote vilichapa kwa Mzee Giman, kwa hiyo kiwandani kwake mahasimu walilala kifua kwa mgongo, mrundo wa huyu kando ya mrundo wa yule. Na mrundo wa kwanza alioukuta mlangoni ulikuwa wa Sumur.

Ulikuwa bado hauna majalada. Vitabu mia tatu vilivyokwisha kupangwa, vinangoja gundi. Prasojo alijiambia ataangalia ukurasa mmoja tu. Akasoma wa kwanza amesimama, akasoma wa pili, akafika wa ishirini bila kujua kwamba mguu wake ulikuwa umekufa ganzi. Kitabu kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kuliko chochote alichowahi kukitoa, na kila sentensi nzuri ilimchoma upya, kwa maana aliweza kuona mahali ambapo kalamu ya Wigati ilipita na mahali ambapo ilikuwa na akili ya kutopita.

"Wewe Prasojo," Mzee Giman akamwambia kutoka kwenye mtambo, "unasoma kitabu cha watu kabla ya wenyewe?"

"Naangalia wino, mzee."

"Wino gani wa nusu saa?"

Prasojo akacheka kidogo, akakirudisha. Hapo ndipo macho yake yalipoanguka kwenye migongo.

Karatasi moja kubwa ikichapwa pande zote na kukunjwa inatoa kurasa kumi na sita. Huo ndio mkunjo, na kitabu ni mikunjo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kila mkunjo una alama ndogo nyeusi mgongoni, na kila alama iko chini kidogo ya ile iliyotangulia, hivyo mikunjo ikipangwa sawasawa alama zinashuka kama ngazi. Anayejua kazi hahitaji kuhesabu kurasa, anautazama mgongo. Aliyewafundisha wote vichochoroni kuitazama ngazi hiyo alikuwa Prasojo.

Ngazi ya Sumur ilikuwa imevunjika. Kidato cha tano kilikuwa kimejirudia, na cha sita hakikuwapo. Akainamia mrundo wa pili, wa tatu. Yote vilevile. Mtamboni karatasi ya tano ilichapwa mara mbili na ya sita haikuchapwa kabisa, na wanawake wa kukusanya wakazunguka meza na kuchukua walichowekewa. Vitabu mia tatu vya Wigati vitafika ukurasa wa themanini, virudi wa sitini na tano, kisha viruke hadi wa tisini na saba.

Neno moja tu lilihitajika. Mzee Giman alikuwa hatua sita kutoka pale, gundi ilikuwa haijapashwa moto.

"Vipi, rangi yako imekupendeza?" Mzee Giman akauliza.

"Imenipendeza sana," Prasojo akasema, akavaa helmeti, akapanda pikipiki yake.

Njiani alijitetea vizuri. Kitabu si changu. Mwenyewe hakuja kukagua. Mimi nilimfundisha kukagua, na aliyefunzwa akisahau, mwalimu hana kosa. Alipofika nyumbani alikuwa na hoja saba, akala sahani mbili za wali, na Ratri akashangaa hamu yake imetoka wapi.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi alasiri, uani kwa Wigati. Prasojo alivaa shati lake la batiki la kahawia. Kwa siku nne alikuwa ameuchezea moyoni uso wa Wigati, vile utakavyokuwa atakapojua, na aliuchezea kama mtoto anavyochezea jino linalolegea. Akakaa mkekani safu ya mbele, akatabasamu kwa kila mtu. Bi Sumirah alikuwa kwenye kiti cha pekee, amevaa blauzi ya kebaya ya zambarau, miguu haifiki chini. Mbele yake ulisimama mlima wa wali wa manjano, tumpeng yenyewe, umezungukwa na mayai, tempe na maharage marefu ya nazi.

Sasa kilele cha wali ule hakipewi mtu ovyo. Mwenye sherehe hukikata na kumpa anayemheshimu kuliko wote walioko. Prasojo alijua kitakwenda kwa Wigati na alikuwa amejiandaa kupiga makofi. Wigati naye alijua. Alishajifuta mikono na kusogea karibu.

Bi Sumirah akakikata, akakiweka kwenye jani la mgomba, akashuka kitini polepole. Akampita Wigati. Akaja hadi mkekani.

"Chukua, mwanangu," akamwambia Prasojo. "Kabla yako nilikuwa napiga mihuri tu. Wewe ndiye uliyenikalisha kigodani ukaniambia hizi ni hadithi."

Watu wakapiga makofi. Prasojo akapokea, na kwa sekunde chache hakuwa na wivu na mtu yeyote duniani. Akamwona Wigati anapiga makofi pia, anatabasamu kwa mdomo tu. Alilijua tabasamu hilo, maana yeye mwenyewe amelivaa miaka saba. Akafurahi kuliona, na sitaficha kwamba alifurahi.

"Nitawasomea sura ya vigoda," Bi Sumirah akasema alipokwisha kupandishwa kitini. "Nataka Prasojo aisikie kwa sauti yangu." Akavaa miwani, akapekua. Akapekua tena. Akarudi nyuma. "Wigati, mama, mbona naona hapa ni palepale pa mwanzo? Au miwani?"

Wigati akainama kutazama. Msichana mmoja wa safu ya tatu akafungua nakala yake, jirani yake akafungua ya kwake, na uani kukawa na mchakacho wa kurasa tu, wa watu wengi wanaotafuta kitu kimoja. "Na yangu," mtu akasema. "Na hii." Wigati hakulia. Alisimama na kitabu wazi mikononi, akausoma mgongo wake, na rangi ikamtoka usoni kuanzia paji la uso kushuka chini.

Prasojo aliungoja uso ule tangu Jumanne. Ulipokuja hakuweza kuutazama. Alitazama wali mikononi mwake, ambao ulikuwa bado wa moto, na hakujua auweke wapi.

Wageni walipopungua, Wigati akamjia.

"Kaka, Jumatatu utaweza kuja? Mzee Giman amesema ataichapa upya karatasi hiyo kesho. Lakini kuvifungua na kuvirudisha, wewe ndiye unayejua."

"Nitakuja," akasema. Lilimtoka kwa sauti ya mtu mwema, na lilimchukiza.

Mahasimu wa vichochoro vile wanasemana mwaka mzima, ila kitabu cha mmoja wao kikitoka na kilema, wote wanakuja kukitibu. Hakuna aliyepanga sheria hiyo. Mtaani mtu mwenye matanga hapiki peke yake. Jumatatu saa mbili asubuhi walikuwa watu kumi na wawili uani kwa Wigati, na draya sita za nywele zilizoazimwa saluni ya jirani. Draya ilikuwa ufundi wa Prasojo: unapuliza mgongo mpaka gundi ilainike, unabandua jalada taratibu, unatoa mkunjo mbaya, unapachika mzuri, unapaka gundi, unakandamiza chini ya tofali. Akawaonyesha mara moja na wote wakashika. Mzee Giman alikuwapo pia, anabeba matofali, na kila Prasojo alipomtolea salamu alijibu akilitazama tofali.

"Kaka Prasojo ana moyo," kijana wa kampuni nyingine akasema. "Mimi ningeibiwa mwandishi, leo ningekuwa nimelala."

Watu wakacheka. Prasojo akapuliza draya yake kwa nguvu zaidi.

Kazi ya kupachika inataka kuangalia kwamba ukurasa umekaa sawa, na mtu hawezi kuangalia ukurasa bila kusoma. Katika kitabu cha kwanza alisoma mstari. Cha pili, mstari uliofuata. Kufikia cha kumi alikuwa ameacha kujizuia.

Sura ilikuwa ya mwanamke anayekwenda kumtembelea bwana mmoja mwenye vigoda. Amechukua wajiki ndani ya jani la mgomba, wali wake wa kunata na sukari ya mnazi, na mkoba wa kitambaa mapajani. Bwana anamimina chai. Anazungumza habari za vitabu vya watu wengine, na za karatasi inavyopanda bei. Mwanamke anangoja aulizwe mkobani mna nini. Haulizwi, anaaga. Baada ya miezi anakuja tena, wajiki, mkoba, chai. Mara ya tatu ameapa njiani: akisema tu, Bi, huo mkoba wako mbona mzito, nitautoa. Bwana anausifu wajiki, anasema hauna mfano, anamsindikiza mpaka mlangoni. Mwanamke anarudi nyumbani na mzigo wake, anaufungia kabatini pamoja na nguo za marehemu mumewe.

Prasojo aliukumbuka wajiki. Aliikumbuka mara ya tatu hasa, kwa kuwa siku ile alikuwa na haraka, na aliona bibi wa watu amekaa mno.

Bi Sumirah alikuwa kwenye mkeka, anafuta gundi iliyozidi kwa kitambaa chenye maji. Akamsogelea, akachuchumaa.

"Bi," akasema chini kwa chini, "mbona hukusema?"

Bibi hakuuliza kusema nini. "Na wewe mbona hukuuliza?"

"Nilidhani nikiuliza nitakuharakisha. Wewe ni mkubwa."

"Nami nilidhani nikisema nitakulazimisha. Utachapa kwa kunionea haya." Akakiweka kitabu juani, akachukua kingine. "Tungekaa hivyo mpaka tuzikwe, mwanangu, mimi na wajiki, wewe na chai."

"Wigati alikuuliza?"

"Wigati? Alikuja kuniletea dawa ya miguu. Hata viatu hajavua vizuri, macho yameshafika kwenye kabati. Bi, humo umeficha nini? Nikamwambia nguo. Akasema, nguo za nani zenye namba za kurasa?" Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akamgusa Prasojo mkononi kwa vidole vyenye gundi. "Mtaka cha mvunguni, mwanangu..." Akaliacha hapo, na kitambaa chake kikaendelea na kazi.

Prasojo akarudi mahali pake. Wivu wake wa siku kumi ulikuwa hauna pa kukaa tena. Hakuwa ameibiwa. Alipewa mara tatu, akala wajiki, akafuta vidole. Na kilichobaki, ambacho hakikuwa wivu tena bali kitu kibaya kuliko huo, ni kwamba katika kitabu kizima kurasa kumi na sita tu ndizo zilizomhusu yeye, na hizo ndizo alizoziacha zipotee. Akafikiri: nitamwambia Wigati. Nitamwambia tukimaliza. Kitabu kwa kitabu alilitafuta neno la kuanzia, na kila alipolipata mtu alimwomba draya.

Saa kumi alasiri matofali yalijaa ua wote. Ratri alileta sufuria ya fenesi lililopikwa kwa sukari, watu wakanawa. Wigati akahesabu nakala, akahesabu mikunjo, akasimama.

"Mkunjo mmoja umepungua. Ulichanika asubuhi. Kitabu kimoja kitabaki hivi hivi."

"Tupa," kijana yule akasema.

"Hapana," Prasojo akasema, na akaona mlango umefunguka, mwembamba lakini ni mlango. "Nipeni mimi. Kilichokosekana humo nakijua."

Wigati hakushangaa. Akaingia ndani, akatoka na kitabu, jalada la kijani limelala sawasawa, hakijaguswa na draya. Akakileta hadi pale alipokaa kaka yake na kumfungulia ukurasa wa kwanza, maana alikuwa ameshauandika. Wino ulikuwa umekauka zamani.

Kwa Kaka Prasojo, aliyekisoma kabla yetu sote. Jumanne.

Prasojo akainua macho. Mzee Giman alikuwa anahesabu matofali ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Bi Sumirah alikuwa anafungua majani ya mgomba, anatafuta sahani. Uso wa Wigati haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa na ile adabu yake ya siku aliyoaga.

"Nilikuwa nimekuwekea, kaka," akasema. "Kula kwanza, chai inakuja."

Prasojo akakipokea kwa mikono miwili, kama alivyomfundisha Wigati mwenyewe kupokea kitabu cha mtu, akasema asante.